Shukrani, Manung'uniko, na Majonzi Yaliyofichika

Somo: 1 Samweli 1:1–18

Mwezi huu twataka kutazama mambo matatu ambayo watu huyachanganya: shukrani, manung'uniko, na majonzi. Asiyeyapambanua aweza kumkemea mtu aliyestahili kufarijiwa, na kujifariji mwenyewe mahali alipostahili kukemewa. Basi someni kwanza sura iliyotajwa hapo juu, kisha tuendelee pamoja.

1. Manung'uniko ni nini?

Twasoma katika Hesabu 11 ya kuwa Waisraeli jangwani walikula mana ambayo hawakuilima. Lakini wakakumbuka samaki wa Misri, na matango, na vitunguu, wakalia hemani mwao. Angalieni walichokumbuka na walichosahau. Samaki waliwakumbuka, bali mapigo ya wasimamizi hawakuyataja, wala watoto wao waliotupwa mtoni. Ndiyo desturi ya manung'uniko: huhesabu kilichopungua, hayahesabu kilichopo. Tena ni maneno ya pembeni. Mnung'unikaji hasemi na yule awezaye kumsaidia, bali husema na jirani, na jirani na jirani yake, hata usharika mzima ukajaa uchungu, wala hakuna jambo lililotengenezwa.

2. Shukrani hujifunzwa

Wako wadhanio kwamba shukrani ni moyo mwepesi ambao wengine wamezaliwa nao na wengine wamenyimwa. Sivyo. Ni desturi, nayo hujifunzwa kama kazi nyingine. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, katika kueleza fungu la kwanza la Imani hakutaja mambo makubwa tu. Alitaja hata macho na masikio, nguo na viatu, shamba na mifugo. Yatupasa nasi kuhesabu hivyo, kimoja kimoja, kwa majina yake. Maana anayeshukuru kwa yote kwa neno moja, mara nyingi hakuona hata kimoja.

Tena mkumbukeni Martin Rinkart, mchungaji wa mji wa Eilenburg huko Ujerumani, wakati wa vita vya miaka thelathini, 1618 hata 1648. Mwaka 1637 tauni iliingia katika mji ule uliojaa wakimbizi. Rinkart akazika watu zaidi ya 4,000, na mkewe mwenyewe alikufa mwaka ule ule. Mtu huyu ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani uitwao kwa Kijerumani “Nun danket alle Gott”, nao ulikuwa kwanza sala fupi ya mezani. Hakungoja vita viishe ndipo ashukuru kwa chakula. Lakini tusidhani ya kuwa mwenye kushukuru halii. Mtu aweza kushukuru na kulia siku moja, na yote mawili yakawa kweli.

3. Kulia mbele za Mungu si kunung'unika

Zaburi ya 13 yaanza kwa kumlalamikia Mungu kwamba amekawia, nayo yaishia kwa kuimba. Zaburi ya 88 haiishii kwa kuimba. Neno lake la mwisho ni giza. Hata hivyo imo katika Biblia, wala hakuna aliyeiondoa kwa sababu haina shukrani. Basi tofauti ni hii: mnung'unikaji humpa Mungu kisogo na kumsema, mwenye majonzi humwelekea na kumwambia.

4. Hana, Elkana na Eli

Hana alichokozwa na mke mwenziwe mwaka kwa mwaka. Mumewe Elkana alimpenda, akamwuliza sababu ya kulia, naye akajitaja mwenyewe kuwa bora kuliko wana wengi. Ni maneno ya upendo, lakini maana yake ni hii: hesabu ulicho nacho, unyamaze. Kisha kuhani Eli aliona midomo inatikisika bila sauti, akadhani mama huyu amelewa. Mmoja alimpenda asimsikilize. Mwingine alimhukumu kabla hajamwuliza.

Lakini Eli ana sifa moja. Hana alipojieleza, mzee yule hakushikilia neno lake, aligeuka, akambariki. Ndipo Hana akaenda zake, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Angalieni sana: mtoto alikuwa bado hajapatikana. Hana alikuwa amemmiminia Mungu moyo wake, na mtu amemsikia. Shukrani zake zaja katika sura ya pili, wala hakuna aliyemlazimisha.

5. Yatupasayo

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yuko mama aliyeacha kuimba kanisani, na kijana aliye mwepesi wa hasira siku hizi. Yuko na mzee achekaye mbele za watu, lakini usiku halali. Tusiseme nao upesi, “Shukuruni tu.” Shukrani ni zoezi la kila mtu kwa nafsi yake, si fimbo ya kumpigia mwenzake. Tuwaendee nyumbani, tuwaulize hali, na wakijibu “Njema,” tukae kidogo, tuwaulize tena. Watakayotuambia yasitoke nje.

Luther mwenyewe aliyajua majonzi haya. Mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake, aliyesumbuliwa na huzuni nzito. Akamwonya asikae peke yake, bali atafute wenzake, azungumze na kucheka nao.

Tena tujue ya kuwa huzuni nyingine ni ugonjwa, uitwao sonona. Mtu akipita majuma mawili au zaidi hana furaha kwa lolote, hapati usingizi, hataki chakula, ajiona hafai kitu, asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Apelekwe kwa mganga hospitalini, kama vile apelekwavyo mwenye homa, maana dawa na mashauri yapo. Na akisema habari za kutaka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja.

Maswali ya kujifunza nyumbani

1. Taja vitu vitano ulivyopokea leo, kila kimoja kwa jina lake.
2. Ni jambo gani unalolisema kwa jirani, nawe hujalisema mbele za Mungu, wala kwa yule awezaye kulitengeneza?
3. Ni nani katika usharika wetu aliyenyamaza siku hizi? Utamwendea lini?