Kawia Ufike: Jinsi ya Kulinganisha Vyombo vya Majini kwa Safari ya Familia Nje ya Nchi

Shule zinapofungwa mwezi Juni na mwezi Desemba, familia nyingi za kata za mwambao wa Ziwa Tanganyika hufunga mizigo kwenda kuwatembelea ndugu walioko Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa hili lina urefu wa takribani kilometa 670 na kina kinachokaribia mita 1,470, nalo limepakana na nchi nne. Kwa wakazi wengi wa Kigoma, ng'ambo ya maji si ugenini. Ni kwa shangazi, kwa mjomba au kwa shemeji. Ndiyo maana safari hizi huamuliwa haraka, na mara nyingine chombo huchaguliwa pale pale ufukweni, mizigo ikiwa tayari kichwani na watoto wakiwa mkononi.

Somo la toleo hili linamlenga mkazi anayejiandaa kuvuka na familia yake. Maswali mawili ya kwanza huwa ni yale yale: nauli ni kiasi gani, na tutafika saa ngapi? Hayo ni maswali halali. Hata hivyo, liko swali linalopaswa kuyatangulia yote mawili: je, chombo hiki kimemhesabu kila mtoto wangu?

Kwa nini kuhesabiwa ni jambo la kwanza

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha; wale wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Kwa sababu hiyo, hadi leo idadi ya waliopoteza maisha hutajwa kwa makadirio ya mamia mengi, na ziko familia ambazo hazikupata hata mstari mmoja wa karatasi unaothibitisha kwamba ndugu yao alikuwa ndani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 101, lakini waliofariki pekee walizidi 220. Katika ziwa letu wenyewe, mwezi Desemba 2014, meli ya Mutambala ilizama upande wa Kongo na zaidi ya watu 120 wakafa.

Mataifa mengine yamejifunza somo hilo kwa gharama ile ile. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Uingereza, mlango wake wa mbele wa kupakilia magari ukiwa wazi. Ilipinduka muda mfupi baada ya kutoka bandarini, na watu 193 wakafa. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulitunga agizo kwamba kila abiria ahesabiwe kabla ya meli kung'oa nanga, na kwamba katika safari inayozidi maili 20 za baharini jina, jinsia na kundi la umri wa abiria viandikwe na kuhifadhiwa nchi kavu.

Orodha ya abiria ina kazi mbili. Kwanza, humzuia nahodha kupakia kupita kiwango, kwa kuwa namba iliyoandikwa haiwezi kukanwa. Pili, inapotokea ajali, huwaambia waokoaji watafute watu wangapi na waache lini. Mtoto mchanga ambaye halipiwi nauli ndiye anayesahauliwa kwa urahisi zaidi, maana pasipo tiketi mara nyingi hapana jina. Mzazi asikubali hali hiyo. Hata kama mtoto anabebwa mgongoni na hadaiwi hata shilingi moja, jina lake na umri wake viandikwe, na mzazi aone kwa macho yake vikiandikwa. Chombo kisicho na orodha kabisa kimekwisha kujiondoa katika ushindani, hata kiwe na nauli nafuu namna gani.

Meli kubwa na boti la mbao

Katika ziwa letu familia huchagua zaidi kati ya vyombo vya aina mbili: meli kubwa ya chuma inayofuata ratiba, na boti la mbao lenye injini linaloondoka likijaa.

Meli kubwa ina vyumba, choo, jiko na mabaharia waliosomea kazi yao. Mfano unaojulikana na wote ni MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa kwa vipande hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli. Ilizamishwa kwa makusudi na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi ikiwa na jina la Liemba. Historia hiyo inatufundisha kwamba umri wa chombo si kipimo cha kutosha. Chombo kizee kinachokaguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa kwa wakati hukishinda chombo kipya kisichojua mkaguzi. Kwa hiyo usiulize tu chombo kilijengwa lini. Uliza kilikaguliwa lini. Upande wa Tanzania Bara, ukaguzi na usajili wa vyombo hivyo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na abiria ana haki ya kuomba kuoneshwa cheti cha chombo anachotaka kupanda.

Kasoro ya meli kubwa ni muda. Safari ya Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, huchukua takribani siku mbili, na meli ikikosekana wiki hii familia hulazimika kusubiri. Ratiba nazo hubadilika kutokana na matengenezo, kwa hiyo taarifa ya bandarini ndiyo ya kuaminiwa, si ya mwaka jana.

Boti la mbao nalo lina nafasi yake. Ziko kata ambazo bila boti hazina njia nyingine ya kufika sokoni wala hospitalini. Hata hivyo, matumizi ya safari fupi ya mchana, karibu na ufuko, hayafanani na kuvuka mpaka usiku pamoja na watoto watatu na magunia ya dagaa. Mkazi anapolinganisha, alinganishe safari kwa safari, si chombo kwa chombo pekee.

Mahali pa kushukia

Wengi hulinganisha vyombo na kusahau gati. Baadhi ya vituo vya mwambao havina gati, hivyo meli husimama majini na abiria hushukia kwenye mitumbwi, wakati mwingine usiku wa manane, huku kila mmoja akitaka kutangulia. Kwa mtu mzima mwenye begi moja hilo ni usumbufu. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hiyo ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote katika safari nzima. Bandari za Kigoma, Kasanga na Mpulungu zina gati. Ikiwezekana, familia ipande na kushuka penye gati, hata kama italazimika kumalizia safari kwa gari. Pasipo na gati, subirini kundi la kwanza lishuke, kila mtoto avae jaketi okozi kabla ya kuuacha mlango wa meli, na mtu mzima mmoja atangulie ili awapokee watoto.

Jaketi okozi linalomfaa mtoto

Jaketi okozi, ambalo wengi tunaliita boya, haliwi na faida kwa kuwapo tu. Viwango vya kimataifa vinatofautisha majaketi ya aina tatu: la mtoto mchanga mwenye uzito wa chini ya kilo 15, la mtoto wa kilo 15 hadi chini ya kilo 43, na la mtu mzima wa kilo 43 na kuendelea. Jaketi la mtu mzima akivalishwa mtoto wa darasa la kwanza humtoka kichwani mara aingiapo majini. Kwa sababu hiyo, uliza majaketi ya watoto yako wapi, yako mangapi, na yamefungiwa wapi. Majaketi yaliyofungwa kwa kufuli chini ya shehena hayahesabiki. Familia inayosafiri mara kwa mara ingefanya vyema kununua ya kwake. Ni gharama ya mara moja, na mtoto huyazoea akiwa bado nyumbani.

Shehena, paa na mstari wa ubavuni

Tuchukue mfano wa boti lililoruhusiwa kubeba abiria 40. Mwenye chombo akiongeza watu 15 wenye wastani wa kilo 60, ameongeza kilo 900, yaani sawa na mifuko 18 ya saruji. Wakikaa juu ya paa, hatari huzidi, kwa kuwa uzito uliopanda juu hukifanya chombo kiyumbe na kuchelewa kujiinua wimbi linapokipiga. Kama abiria wote watakimbilia upande mmoja kuangalia kitu au kuwahi kushuka, chombo kilichojaa hupinduka ndani ya muda mfupi sana.

Meli huwa na alama ubavuni inayoonesha kina cha mwisho cha kupakia. Alama hiyo ikiwa imezama, meli imezidiwa, na hakuna maelezo ya nahodha yanayoweza kuubadilisha ukweli huo. Kwa boti lisilo na alama, tazama umbali kati ya maji na ukingo: ikiwa abiria aliyeketi anaweza kuyagusa maji kwa kiganja huku boti likiwa bado limetulia ufukweni, wimbi la kati ya ziwa litaingia ndani bila kubisha hodi.

Majira ya safari

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo mkavu wa kusini hulivuma ziwa hili kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Likizo ya Juni huangukia katikati ya majira hayo. Likizo ya Desemba nayo huja na mvua na dhoruba za radi ambazo huanza ghafla. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa maziwa makuu. Sikiliza redio au uliza ofisi ya bandari siku moja kabla. Nahodha anayeahirisha safari kwa sababu ya upepo hapaswi kuzomewa. Huyo ndiye wa kukumbukwa jina na kutafutwa tena safari ijayo.

Kupiga hesabu ya gharama

Nauli peke yake haisemi ukweli wote. Chukua karatasi, weka safu mbili, kisha kwa kila chombo andika: nauli ya kila mtu, watoto wakiwamo, malipo ya mizigo, malipo ya mitumbwi ya kushushia, chakula na maji safi ya kunywa kwa siku zote za safari, malazi kama mtafika usiku, na ada za hati za kusafiria. Mara nyingi pengo kati ya vyombo viwili hupungua sana hesabu hiyo ikikamilika. Usitegemee maji ya ziwa kwa kunywa njiani, kwa kuwa kuhara na kipindupindu huwaathiri watoto upesi zaidi.

Hati na chanjo

Kila mtoto anayevuka mpaka anahitaji hati yake ya kusafiria. Maombi ya pasipoti, au ya hati ya dharura kwa nchi zinazoikubali, hufanyika Idara ya Uhamiaji, na msingi wake ni cheti cha kuzaliwa. Watoto walio chini ya miaka mitano husajiliwa katika vituo vya tiba na katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata. Asingojee wiki ya safari aliye na mtoto asiyesajiliwa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja au na ndugu abebe barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa na, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote. Hivyo chanja mapema, na uliyechanjwa zamani itunze kadi yako.

Siku ya kuondoka

Fika mapema, mchana ikiwezekana. Kabla ya kulipa, uliza mambo matano: idadi inayoruhusiwa ni ngapi na tumekwisha kuwa wangapi, orodha iko wapi na majina ya watoto wangu yameandikwa, majaketi ya watoto yako wapi, hali ya hewa inasemaje, na tutashukia wapi. Mwachie jirani au ndugu aliyebaki nakala ya majina yenu, jina la chombo na saa ya kuondoka. Majibu yakikukwaza, rudisha mizigo nyumbani, na umwarifu Afisa Mtendaji wa Kata au ofisi ya bandari kuhusu chombo kilichojaza kupita kiasi, kwa kuwa abiria watakaobaki ndani nao ni watoto wa jirani zako.

Wahenga walisema, kawia ufike. Shangazi aliye ng'ambo atakusubiri wiki moja zaidi bila kinyongo, mradi wote mliotoka nyumbani mfike mkiwa idadi ile ile.