Kabla Hujapiga Windows Upya

Zikiwa zimebaki siku nne kukabidhi ripoti ya utafiti, laptop yangu iligoma kuwaka. Nilikuwa nimejaribu kuweka Ubuntu pembeni ya Windows, ikakwama. Nikarudi Windows, nikaifuta ile sehemu ya diski niliyoitengea Ubuntu. Nilipowasha tena, kioo cheusi: "grub rescue>".

Fundi akasema, "Hapa tupige Windows upya tu, data sahau." Nikakaribia kukubali, ila mwenzangu wa chumbani akanizuia: "Subiri kwanza ndugu yangu, mbona Windows hujaigusa?"

Kweli. GRUB ni programu ndogo inayokuuliza uwashe mfumo upi. Mafaili yake mengi nilikuwa nimeyafuta pamoja na Ubuntu, ndo maana ikapotea njia. Ripoti yangu ilikuwa palepale.

Tulifanya hivi. Kwanza, tuliwasha laptop kwa fleshi ya Ubuntu, tukachagua kuijaribu bila kuisakinisha, tukafungua diski na kunakili ripoti kwenye fleshi nyingine. (Diski iliyofungwa kwa BitLocker itadai ufunguo wake.) Pili, tuliwasha upya huku tukibonyeza F12; kwenye HP ni F9. Tukachagua Windows Boot Manager. Ikawaka! Tatu, tuliingia BIOS tukaiweka Windows iwe ya kwanza.

Laptop za zamani zisizo na UEFI hazina chaguo hilo la pili, lakini hatua ya kwanza inazifaa pia. Okoa kazi yako kwanza, fundi baadaye.