Mdai akibisha na askari yuko mbali

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, amri mbili zimewekwa jirani, na wasomaji wengi huzipita bila kuona ujirani huo. Ya kwanza yasema kwamba mtu aliyeoa karibuni asipelekwe vitani, bali akae na mkewe mwaka mzima. Ya pili, mara baada yake, yakataza mdai asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kulichukua ni kuwanyima watu chakula. Mbele kidogo mdai aamriwa tena asiingie nyumbani mwa mdaiwa; asimame nje, naye mwenye deni amletee rehani yake. Kila kijiji chajua sababu. Mwenye nyumba akiwa mbali, mdai hubisha kwa nguvu zaidi.

Jambo hilo halikwisha pamoja na Waisraeli wa kale. Litazamwe sasa katika nchi ya Marekani, ambayo hupeleka askari wake ng'ambo kwa miezi mingi, na ambayo Wakongo wengi waliokimbia vita wamepewa makao humo. Huko watu wengi hununua nyumba na gari kwa mkopo, wakilipa kidogo kidogo kila mwezi.

Na afikiriwe mke wa askari mmoja. Kabla ya kuingia jeshini mumewe alinunua gari kwa mkopo, akalipa fungu la kwanza. Sasa mume yuko ng'ambo, na malipo yamechelewa miezi miwili. Simu inalia. Anayesema si mwuza gari, bali mtoza madeni, yaani mtu ambaye kazi yake ni kudai kwa niaba ya wengine. Maneno yake ni makali: gari litachukuliwa usiku huu, mkuu wa kikosi ataambiwa, mume atavuliwa cheo, mama atoe fedha leo, hata zile za chakula cha watoto. Mama atetemeka. Hawezi kumwuliza mumewe, kwa maana yuko mahali pasipofikiwa na simu. Mtoza madeni aijua hofu hiyo, nayo ni chombo chake cha kazi.

Mama afanye nini? Asitukane, asiahidi kitu, asitoe fedha. Aulize jina la msemaji, kampuni yake, mdai wa kwanza ni nani, na deni ni kiasi gani. Yote ayaandike pamoja na siku na saa. Kisha aseme kwamba jibu litakuja kwa barua. Hiyo si hila, kwani wako pia wadanganyifu wanaodai deni lisilokuwapo kabisa.

Sheria ya mwaka 1977 yamlazimu mtoza madeni kutoa habari za deni kwa maandishi. Mdaiwa akiandika katika siku 30 baada ya kuzipokea kwamba analikana deni hilo, mtoza hana budi kuacha kudai mpaka alete uthibitisho. Tena haruhusiwi kupiga simu kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku, wala kutukana, wala kutishia jambo asiloweza kulifanya kwa haki. Hawezi kuwaeleza jirani au mkuu wa kikosi habari za deni bila ruhusa ya mdaiwa au ya hakimu. Pamoja na mke aweza kusema; lakini kusemeshwa si kuwa mdaiwa. Kama mke hakutia sahihi, katika majimbo mengi deni si lake. Katika mengine, kama Texas na California, mali na madeni ya ndoa mara nyingi huhesabiwa ya wote wawili. Kwa hiyo aulize mwanasheria kabla ya kutamka neno "nitalipa".

Kwa askari iko sheria nyingine, ya zamani zaidi. Ilitungwa mwaka 1918 wakati wa vita vya kwanza vya dunia, ikatungwa upya mwaka 1940, na tena mwaka 2003. Shabaha yake ni kwamba mtu asihukumiwe hali hayupo kwa sababu ya utumishi. Gari lile, kwa kuwa fungu la kwanza lililipwa kabla ya utumishi, haliwezi kuchukuliwa bila amri ya hakimu. Basi tisho la "usiku huu" ni upepo mtupu. Na mdai akienda barazani mwa hakimu, yampasa aape kwa maandishi kama mshtakiwa ni askari au siye. Akiwa askari na hayupo, hakimu hawezi kumhukumu bila kumwekea kwanza mtetezi, na kesi yaweza kuahirishwa siku 90 au zaidi.

Tena riba ya deni lililofanywa kabla ya utumishi haipaswi kupita 6 kwa 100 kwa mwaka. Mtu mwenye deni la dola 10 000 kwa riba ya 18 kwa 100 angelipa riba ya dola 1 800 kwa mwaka. Sasa hulipa 600. Zile 1 200 hazingojei arudi: zimefutwa. Lakini hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Riba haipungui yenyewe. Lazima mdai aandikiwe barua, pamoja na nakala ya amri ya jeshi, kabla hazijapita siku 180 tangu utumishi kwisha. Asiyeandika hulipa yote, ingawa sheria iko upande wake.

Deni lenyewe halifutwi. Deni lililofanywa baada ya kuingia jeshini halipati punguzo hilo, wala deni la mke peke yake. Na ni kweli kwamba deni lililotupwa kabisa laweza kumdhuru askari kazini mwake.

Kwa hiyo busara huanza kabla ya safari. Mume amwachie mke hati ya uwakili, apate kuandika na kutia sahihi mahali pake, na nakala za amri ya jeshi. Kambini mara nyingi iko ofisi ya sheria inayowasaidia askari na wake zao bila malipo. Hati hiyo huandikwa huko. Akikosa fedha, asiwaendee wakopeshaji wa haraka walio karibu na lango la kambi. Chama cha Army Emergency Relief, kilichoanzishwa mwaka 1942, huwakopesha jamaa za askari wa nchi kavu bila riba.

Mama yule aandika barua yake, aipeleka kwa rejista, aweka nakala katika sanduku. Simu ikilia tena, amtajia mtoza madeni siku ambayo barua ilitumwa, na kurudi kuwapakulia watoto chakula.