Njia za Mkato za Kibodi kwenye Linux: Maswali ya Wahudumu wa Saiba

Ritani za kodi ya mapato hufungwa 30 Juni. Wiki hizo, mhudumu wa saiba Ngong, Kitengela au Kajiado mjini hufungua tovuti ya iTax tangu asubuhi hadi jioni. Kama kompyuta yake inatumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kazi hiyo aipe vitufe vitatu.

Nianzie wapi?
Ingia Settings, kisha Keyboard, halafu View and Customize Shortcuts. Shuka chini kabisa hadi Custom Shortcuts, uongeze mpya. Jina liwe utakalolikumbuka, mfano "Kodi". Kwenye nafasi ya amri andika firefox https://itax.kra.go.ke. Mwisho bonyeza Ctrl, Alt na K kwa pamoja, uhifadhi. Kuanzia hapo tovuti itafunguka hata ukiwa katikati ya kuchapa barua ya mtu.

Vitufe hivyo vikiwa na kazi nyingine?
Ubuntu itakuonya na kukuuliza kama ubadilishe. Kataa, utafute herufi nyingine. Lakini onyo hilo linahusu njia za mfumo wenyewe tu, si za kila programu. Ukichukua Ctrl+P, hakuna atakayekuonya, na kuchapisha kwa vitufe kutakwama.

Nikikosea?
Njia uliyojitengenezea unaweza kuifuta. Reset All hurudisha mipangilio ya awali, ila inaweza kugusa hata ulizoongeza, na hairudi nyuma.

Mteja akitaka barua ya Kimaasai?
Hili ndilo ningependa kila saiba ya Kajiado ilijue, maana herufi kama ŋ, ɛ na ɔ hazipo kwenye kibodi, na watu huishia kuandika lugha yao nusunusu. Ndani ya Keyboard kuna Compose Key. Ipe kitufe cha Alt cha kulia. Kibonyeze na kukiachia, kisha n, kisha g: ŋ inatokea. Kwa ɛ, bonyeza Ctrl, Shift na U, andika 025b, halafu Enter. Kwa ɔ ni 0254.

Naweza kuhifadhi nenosiri la mteja kwenye njia ya mkato?
Hapana. Amri hubaki wazi kwa yeyote anayefungua akaunti yako ya kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde taarifa za mteja. Mwache aandike nenosiri lake mwenyewe, nawe uhakikishe ametoka kwenye iTax kabla hajaondoka.