Hadi Iringa na Mbwa Siti ya Nyuma: Mafunzo Niliyopata

Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500, na kwa malori, matuta na vibao vya 50 vilivyopo, siku yote huishia barabarani. Njia hiyo tunaipita na Bosi, mbwa wetu wa kienyeji mwenye kilo 20 na ushei, kila tunapokwenda ukweni. Wengi hudhani mbwa anayelia na kurukaruka garini amekosa adabu. Mimi nasema adabu haihusiki. Mara nyingi mbwa huyo ana kichefuchefu, au anaungua na joto, au hana pa kujishikiza. Ukishughulikia hayo matatu, kelele nyingi huisha zenyewe.

1. Gari azoeshwe likiwa limezimwa

Mbwa wengi wa mjini hupakiwa garini kwa sababu moja tu, kwenda kuchomwa sindano. Usishangae basi akiona mlango uko wazi anakimbilia uvunguni. Bosi alikuwa akiwekewa chakula ndani ya gari lililoegeshwa uani, milango wazi. Baadaye injini ikawa inawashwa bila kwenda popote. Kisha tukazunguka mtaa, kisha tukafika sokoni na kurudi. Safari ndefu ilikuja mwisho kabisa.

2. Tumbo ndilo linalolia

Watoto wa mbwa hutapika garini zaidi kuliko wakubwa, kwa sababu sehemu ya sikio la ndani inayoupa mwili mizani bado haijakomaa. Wengi huacha wakikua. Dalili hutangulia matapishi kwa muda mrefu: anajilamba midomo, anapiga miayo na usingizi hana, mate yanamchuruzika. Ukimfokea wakati huo unamwongezea hofu juu ya kichefuchefu.

Chakula cha kushiba mpe jioni ya kuamkia safari. Asubuhi asile, ila maji asinyimwe. Kwenye kona za mlima Kitonga hata binadamu huomba mfuko, sembuse mbwa aliyejazwa ugali na dagaa saa kumi na moja alfajiri.

Kama bado anatapika, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia maropitanti, dawa ya kuzuia kutapika iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Kuhusu za kumlaza, uliza vizuri. Esepromazini, ambayo imetumika miaka mingi, humlegeza mwili na kushusha shinikizo la damu, lakini woga unaweza kubaki palepale kichwani. Unamwona kimya, unasema ametulia, kumbe hana nguvu za kulalamika. Na za kwenye kabati lako, parasetamoli na ibuprofeni, usimpe. Kwa mbwa hizo ni sumu.

3. Afungwe mkanda, na si wa shingoni

Hapa ndipo ninapobishana na watu. Tuchukue mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ule tunaoruhusiwa vijijini. Gari likigonga na kusimama ghafla kwa mwendo huo, kilichoachwa huru ndani kinaendelea mbele kwa kasi ileile, sawasawa na kitu kilichodondoka kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Sasa weka kilo 20 za mbwa katika hesabu hiyo na shingo ya dereva mbele yake.

Kwa hiyo Bosi huvaa mkanda wa kifuani, ule mpana unaopita mabegani na kuzunguka mbavu, nao unashikizwa kwenye mkanda wa siti ya nyuma kwa kamba fupi. Fupi maana yake anaweza kukaa, kulala na kugeuka, lakini hafiki kwenye gia. Kamba isifungwe kwenye kola, kwani gari likifunga breki nguvu yote inaishia kooni. Mwenye gari la nafasi anaweza kutumia kizimba, mradi nacho kimefungwa kisiteleze. Siti ya mbele simpakii, maana mfuko wa hewa umetengenezwa kumpokea mtu mzima aliyekaa wima.

Pikapu ndiyo inayonitisha zaidi. Mara ngapi umeona mbwa amefungwa mnyororo nyuma, wazi? Akiruka pembeni, mnyororo unamnyonga.

Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba mkanda humtuliza. Mbwa anayeyumba kila kona hukaza misuli njia nzima. Akishikiliwa vizuri, juu ya blanketi lisiloteleza, analala.

4. Dakika kumi za "narudi sasa hivi"

Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Gari lililofungwa juani, siku ya nyuzi 24 tu, ndani hufika kama 34 kwa dakika kumi, na kama 43 kwa nusu saa. Kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu cha maana. Na Morogoro mchana nyuzi 24 ni ndoto.

Sisi hula kwa zamu. Mmoja anaingia hotelini, mwingine anabaki kivulini na mbwa.

Ukimwona anahema kwa fujo, ulimi na fizi zimekuwa nyekundu sana, mate mazito, anapepesuka, usianze kutafuta daktari kwa simu huku amelala garini. Mtoe, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha ndiyo muondoke kwenda kwa daktari. Asiyeweza kunywa asilazimishwe.

5. Kamba kwanza, mlango baadaye

Kila baada ya saa mbili hivi tunaingia sheli au mahali penye kivuli, anajisaidia na kunywa maji. Kabla mlango haujafunguliwa, kamba iko mkononi. Barabara ya malori haitoi nafasi ya pili, na wapo watu wanaoogopa mbwa kwelikweli, au wasiopenda mate yake yaguse nguo zao za swala. Nampeleka pembeni, mbali na watu.

Mifupa ya kuku iliyopikwa hatumpi, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha. Ruaha Mbuyuni tukinunua vitunguu, gunia linakwenda kwenye buti, mbali naye. Vitunguu, vibichi hata vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

6. Mikumi vioo juu

Barabara inakatiza hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Bosi anajisaidia kabla ya kuingia, na humo ndani hatumshushi hata iweje. Nyani hukaa pembeni wakisubiri maganda ya ndizi, na nyani dume ana meno ya kumrarua mbwa. Akianza kubweka, namwekea taulo dirishani upande wake. Asichokiona hakimsumbui, isipokuwa harufu.

7. Abiria wengine nao wana haki

Mama mkwe alipopanda nasi kurudi Dar, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, huyu mnyama atanigusa?" Nikamjibu, "Hapana mama, amefungwa, na shuka ni lake peke yake." Akakaa mbele, tukaenda. Yafaa kuulizana kabla ya kupakia mizigo.

8. Fika ukiwa bado safarini

Mbwa hupotea kirahisi siku ya kufika, mahali asipopajua. Geti lifungwe kwanza, mbwa wa wenyeji wazuiliwe, ndipo ashushwe kwa kamba. Kola yake ina namba ya simu. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiko kwenye mfuko wa mlango, pamoja na leseni.