Kabla ya Kuongeza Mwendo, Ongeza Breki



Subaru ikipita nje ya lango la shule yetu, masomo husimama. Kuna wenzetu wanaoweza kukuambia kwa sikio tu kama ina tabo au haina, na mabishano ya spidi huendelea hadi bwenini baada ya taa kuzimwa. Lakini sijasikia hata siku moja mtu akiuliza, "Na inasimamaje?" Mimi mwenyewe nililiuliza swali hilo kwa mara ya kwanza likizo iliyopita, nikiwa ndani ya gari, na nusura liwe swali langu la mwisho.

Binamu yangu alikuwa amenunua Subaru Impreza iliyotumika Japani. Akatia pesa kwenye injini: tabo kubwa zaidi, bomba la moshi pana, kila kitu. Breki akaziacha zilezile. Siku hiyo tulikuwa tukiteremka kutoka upande wa Limuru kwenda Mai Mahiu. Alikuwa akilipita lori, anakutana na lingine, anakanyaga breki, anaondoka tena. Mara nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kwenye kona iliyofuata pedali ilizama hadi chini kama mtu anayekanyaga sifongo.

"Haishiki," alisema kwa sauti ndogo.

Aliteremsha gia, injini ikanguruma, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo na kulichomeka gari kwenye changarawe kando ya barabara. Tulisimama. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Nusu saa baadaye alikanyaga pedali tena, na ajabu ni kwamba ilikuwa ngumu kama kawaida! Hakuna kilichokuwa kimevunjika. Je, ni nini kilichotokea? Hilo ndilo somo letu la leo.

1. KAZI YA BREKI

Wengi hudhani kazi ya breki ni kushika gurudumu. La hasha. Kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta ya breki kwenye mabomba. Mafuta husukuma pistoni zilizo ndani ya kalipa, pistoni hubana padi, na padi hubana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huo hutoa joto, na joto hilo lazima liende hewani.

Joto lenyewe ni kiasi gani? Tumia hesabu ya Fizikia: nusu ya uzito, mara kasi kipeo cha pili. Tuseme gari na waliomo ni kilo 1,400.

Kwa kilomita 50 kwa saa: karibu kilojuli 135.
Kwa kilomita 100 kwa saa: karibu kilojuli 540.

Umeona? Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini kazi ya breki imeongezeka mara nne. Kilojuli 540 zinaweza kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Diski mbili za mbele zenye kilo 7 kila moja, zikibeba asilimia 70 ya joto hilo, hupanda kwa nyuzi 60 hivi kila unaposimama mara moja.

Sasa fikiria mteremko. Gari hilohilo likishuka mita 400 kwenda chini, nishati inayotolewa ni sawa na kusimama mara kumi kutoka kilomita 100 kwa saa. Anayeteremka kwa breki peke yake, bila kusaidiwa na gia ndogo, anazipika breki zake.

2. BREKI HUSHINDWAJE KWA JOTO?

Kuna namna mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha.

(a) Padi kuchoka. Pedali hubaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zako zote, lakini gari halipungui mwendo. Padi zimepita kiwango cha joto lake, na msuguano umepotea.

(b) Mafuta kuchemka. Pedali huwa laini na kuzama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama gari halitoki nyumbani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi kama hewa ya puto. Mguu unaubana mvuke badala ya kuzisukuma pistoni. Yakipoa, mvuke hurudi kuwa maji na pedali hupona.

Bila shaka umekwisha kujua kilichotupata sisi. Fundi aliyeyatoa mafuta hayo alituonyesha: yalikuwa ya rangi ya chai ya mkandaa. Akamwambia binamu yangu, "Kijana, umevaa viatu vya kukimbia, lakini magoti ni ya babu yako."

3. KUBORESHA BREKI HATUA KWA HATUA

Watu wengi hukimbilia kalipa kubwa zilizopakwa rangi, kwa kuwa zinaonekana. Fundi yule alianzia kwingine kabisa.

Kwanza, kurekebisha kilichopo. Pistoni iliyokwama au diski iliyopinda haiponywi kwa kuongeza kitu kingine.

Pili, mafuta mapya. DOT 4 nzuri au DOT 5.1, yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na hewa yote itolewe kwenye mabomba. Msichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Na usithubutu kutia oili ya injini! Hufurisha mipira ya ndani na kuharibu mfumo mzima.

Tatu, padi zinazostahimili joto zaidi. Hapa tahadhari: padi za mashindano hasa hazishiki vizuri zikiwa baridi. Asubuhi ya baridi Limuru, mtoto akikatiza barabara, utajuta. Chagua za barabarani zenye ubora.

Nne, mipira ya mafuta iliyofumwa kwa nyuzi za chuma. Haivimbi ukikanyaga, kwa hiyo pedali huwa thabiti.

Tano, ndipo ufikirie diski na kalipa kubwa. Diski pana huongeza nguvu ya kuzuia, kwa kuwa padi hubana mbali zaidi na kitovu, na chuma kingi hubeba joto jingi. Lakini hakikisha gurudumu linaingia: kalipa za Brembo za Impreza WRX STI huhitaji gurudumu la inchi 17. Tena mbele na nyuma ziwiane. Ukiongeza nguvu nyuma kupita kiasi, magurudumu ya nyuma hujifunga kwanza na gari huzunguka kama pia.

4. NENO LA MWISHO NI LA TAIRI

Hata ukiwa na breki za dhahabu, kinachosimamisha gari ni tairi kushika barabara. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, gari la kilomita 100 kwa saa huhitaji takriban mita 50 baada ya breki kushika. Mshiko ukipungua kwa nusu, kama kwenye changarawe au matope, mita hizo huwa karibu 100. Ongeza mita 28 unazosafiri katika sekunde moja ya kushtuka kabla ya kukanyaga.

Madereva wa mbio wanalijua hili. Tangu Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, tumeyaona magari hayo kule Naivasha. Magari ya Rally1, yaliyoanza 2022, hutumia diski za milimita 370 kwenye lami, lakini kwenye vumbi kama letu hutumia za milimita 300 pamoja na magurudumu madogo ya inchi 15. Vumbi halina mshiko wa kuitumia breki kubwa. Ukubwa si hoja. Kufaa ndiyo hoja.

Na binamu yangu? Alifanya hatua nne za kwanza, akanunua na matairi mapya. Hatua ya tano anaiwekea akiba. Siku hizi tukifika juu ya mteremko ule hutia gia ndogo bila kuambiwa, wala halipiti lori.

Hivyo, ndugu yangu, Subaru ikipita tena langoni, wewe uliza lile swali lisiloulizwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pedali ngumu lakini gari halisimami: kasoro iko wapi?
2. Kwa nini gari lisilotembea pia huhitaji kubadilishiwa mafuta ya breki?
3. Gari la kilo 1,400 likitoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, kazi ya breki huongezeka kwa asilimia ngapi? (Jibu: 44. Ukipata 20, rudi sehemu ya kwanza.)