Picha ya Kiboko katika Somo la Insha

Katika mazoezi ya kufundisha huko Kwihara, tuliwaonyesha wanafunzi picha ya kiboko wa Mto Ugalla aliyeachama, tukawataka waandike mawazo yake. Wengi walieleza kwamba anapiga miayo kwa kuchoshwa na mwalimu. Tulicheka, hata mwanachuo aliyekuwa akifundisha alicheka, ingawa mzaha ulimwelekea yeye. Lakini kiboko aachamapo mara nyingi huonya, na mtoto amdhaniaye kuwa na usingizi huenda akamsogelea. Basi tulitenga dakika 10 za kueleza ishara ile, ndipo wakaandika upya. Mmoja akamsemesha kiboko: "Karibu, mgeni, uje uhesabu meno yangu." Mzaha haukupungua, na wavuvi wa Ugalla wasingekuwa na la kusahihisha.